Mtu-mbwamwitu, si Zimwi

Riwaya ya Shiver ya Maggie Stiefvater, iliyotolewa Marekani mwaka 2009, pamoja na Linger iliyoifuata mwaka 2010, yamhusu msichana Grace wa mji wa kubuni wa Mercy Falls, jimbo la Minnesota. Aliumwa na mbwamwitu utotoni. Mwishowe naye anageuka mbwamwitu. Je, mfasiri amwiteje?

Wako watakaopendelea "zimwi". Neno hilo ni letu na lina nguvu, lakini litaiharibu riwaya. Zimwi wa ngano zetu hana utu wa kupoteza. Akiuawa, msikilizaji hufurahi. Grace ni binadamu, na mwandishi ataka tumlilie. Tena humu hamna mchawi wala mwezi mpevu: kinacholeta mabadiliko ni baridi. Hivyo kitenzi kifaacho ni "kugeuka". "Kugeuzwa" kutamfanya msomaji amtafute mgeuzaji.

Twapendekeza "mtu-mbwamwitu", wingi "watu-mbwamwitu". Ni kweli kwamba kwetu mbwamwitu ni pia yule mnyama wa mabaka wa mbugani, lakini wasomaji wa Biblia wamekwisha kulizoea jina hilo kwa mnyama huyu wa ng'ambo. Aidha, neno la Kiingereza limejengwa juu ya neno la kale lenye maana ya "mwanamume". "Mtu" wetu humchukua msichana bila taabu.

Huzuni kuu ya riwaya hii ni kwamba anayegeuka hupotewa na lugha. Mfasiri asimwongezee hasara kwa kumnyima hata jina la mtu.