Maji Yamegoma Kutoka: Pima Njia Kabla ya Kununua Pampu

Basoko iko pale Mto Aruwimi unapoingia Mto Kongo, upande wa chini wa Kisangani. Mashine ya kufulia ikiharibika huko, kipuri hutafutwa Kisangani na kuletwa kwa mashua. Kikikosekana Kisangani, huagizwa Kinshasa, safari ya mtoni iliyo ndefu zaidi. Anayeagiza kipuri kisichohitajika hulipia kosa lake kwa pesa na kwa kusubiri. Kwa sababu hiyo kazi moja iliyofanyika Basoko inastahili kuchambuliwa: fundi aliipima njia ya maji kwanza, ndipo akaigeukia pampu.

Mashine ilikuwa ya mlango wa mbele. Ilifua vizuri, lakini ilipofika kumwaga maji ilinguruma kidogo, ikasimama na maji yote tumboni. Mlango nao ukagoma kufunguka, kama inavyotakiwa: maji yakiwa juu, kufuli haliachii. Mwenye nyumba alikuwa ameshatenga pesa za pampu mpya. Fundi akamwambia, "Mama, pesa weka kwanza. Hatujajua bado kama pampu ndiyo yenye ugonjwa."

Alikuwa sahihi. Maji yanayotoka kwenye tangi hupita sehemu nne: bomba nene la mpira lenye mikunjo, chujio, pampu, kisha mpira mrefu wa kutolea nje. Popote patakapoziba, dalili ni ileile. Ngurumo ya pampu nayo haithibitishi kwamba imekufa. Inathibitisha tu kwamba umeme umefika na koili haijakatika.

Kipimo chake cha kwanza hakikuhitaji kifaa chochote. Alichomoa plagi, akaacha maji yapoe, akateremsha mpira wa kutolea hadi ndani ya beseni lililokaa sakafuni. Pampu nyingi za mashine hizi hazifungi njia zikisimama, kwa hiyo maji huweza kupita ndani yake kwa uzito wao wenyewe. Yakimiminika kwa nguvu, njia ni safi na pampu ndiyo ya kushukiwa. Yakichuruzika, kuna kizibo. Ya Basoko yalichuruzika, kisha yakakata kabisa. Kwa dakika chache, bila kufungua skrubu hata moja, alishajua pa kuanzia.

Akafungua kifuniko kidogo cha chini mbele, akazungusha chujio kuelekea kushoto polepole, huku matambara yakinywa maji. Ndani mlikuwa na nyuzi, vifungo, waya wa sidiria, uji wa karatasi na mchanga. Vitabu vya maelekezo vya Ulaya huonya sana juu ya sarafu. Kwetu Kongo fedha za mkononi ni noti, na noti iliyosahaulika mfukoni husagika ikawa uji unaoshikanisha nyuzi na mchanga mpaka vinakuwa donge moja.

Kupitia tundu la chujio aligusa mapanga ya pampu kwa kidole. Yalizunguka kwa kushtukashtuka, kama yanakwama kisha yanaachia. Wengi hudhani huo ni ubovu, kumbe ni sumaku iliyomo ndani inavyovutwa na chuma cha koili. Cha kuogopwa ni mapanga yasiyogeuka kabisa, au yanayozunguka ovyo bila kushikwa na chochote, kwa maana yameachana na sumaku yao.

Alipojaribu tena, maji yalitoka, ila kwa uvivu. Hapa ndipo fundi mwenye haraka angefunga kazi na kuchukua malipo yake. Huyu aliilaza mashine ubavu, akalibonyeza lile bomba lenye mikunjo. Lilikuwa gumu kama gunzi. Alilegeza kibano chake, akaligeuza, na mchanga wa mtoni ukamwagika.

Mchanga huo uliingiaje? Mpira wa kuingizia maji una kichujio kidogo cha wavu pale unapofungwa kwenye mashine, na kazi yake ni kuzuia uchafu wa namna hiyo. Lakini nyumba isiyo na maji ya bomba hujaza mashine kwa ndoo, kupitia droo ya sabuni. Ndoo inauruka ule wavu, na kila kinachoelea au kuzama ndani yake kinaingia moja kwa moja kwenye tangi. Pampu mpya isingebadilisha hilo. Ingeziba vilevile.

Kulikuwa na sababu ya pili ya maji kutotoka vizuri. Umeme ulitoka kwenye jenereta, na mpira wa kutolea ulipitishwa dirishani, juu ya kifua cha mtu mzima. Pampu ya aina hii hufuata mwendo wa umeme: kwa mizunguko 50 kwa sekunde, huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Jenereta ikichoka ikashuka hadi 45, pampu hushuka hadi 2,700. Mwendo umepungua kwa sehemu moja ya kumi, lakini kimo ambacho pampu inaweza kupandishia maji hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa kuwa kimo hufuata mraba wa mwendo. Fundi aliuteremsha mpira mpaka kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, kimo ambacho watengenezaji wengi hukitaka. Usishushwe chini zaidi wakati wa kufua, maana maji yatajitoa yenyewe kabla ya nguo kutakata.

Mashine ilimwaga maji yote kwa pampu ileile ya zamani. Masharti aliyomwachia mama ni mepesi: maji ya mtoni yatulie usiku kucha, ndoo ichujwe kwa kitambaa kizito, mifuko ikaguliwe, chujio lisafishwe kila mwezi.

Iko siku pampu itakuwa imekufa kweli: njia ni safi, umeme unafika, na mita ikiwekwa kwenye koili haioni njia ya kupita. Hapo agiza bila wasiwasi. Vijana wanaojifunza ufundi Tshopo, jimbo ilimo Basoko, wafundishwe mpangilio huu mapema, kwa sababu mteja wa mbali na soko hamlipi fundi kwa kubadilisha vipuri tu. Anamlipa ajue kipi hakihitaji kubadilishwa.