Binti Mfalme Chini ya Dawati

Nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya bweni ya wasichana huku Nyamira, nilikuwa mwalimu wa zamu wakati wa masomo ya jioni. Kidato cha Pili kilikuwa kimya kupita kiasi, na mwalimu yeyote anajua kimya cha namna hiyo kina jambo. Msichana mmoja alikuwa ameinamia daftari lake la Kiswahili. Ndani ya daftari, kama kipande cha nyama kilichofichwa chini ya ugali, mlikuwa na riwaya ya Kiingereza yenye picha ya binti aliyevaa gauni la samawati. Nilimnyang'anya.

Riwaya yenyewe ilikuwa The Selection ya Kiera Cass, iliyochapishwa mwaka wa 2012. Niliisoma usiku huohuo hadi nikaimaliza, kisha asubuhi nikaipeleka ofisini kama kanuni ilivyotaka. Mwisho wa muhula ikachomwa nyuma ya jikoni pamoja na "upuuzi" mwingine. Baadaye nilikuja kujua kwamba kitabu kilikuwa cha kukodi, shilingi kumi kwa wiki, na msichana yule alilipa deni kwa sukari na mikate ya muhula mzima. Hilo liliniuma. Lililoniuma zaidi ni insha zake. Kabla ya tukio hilo zilikuwa na mwendo: mtu anatoka, anakutana na kizuizi, anafanya uamuzi, msomaji anataka kujua litakalofuata. Baada yake zikawa misururu ya methali na misemo iliyokaririwa, zisizo na mtu ndani yake.

Huenda ukasema kwamba ninamtetea mwanafunzi mvivu. La hasha. Ninataka tujiulize kwa nini msichana wa Kebirigo au Ogembo anayetafuta raha ya kusoma huipata kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili kwake kimekuwa lugha ya kutafutia alama tu.

Sehemu ya lawama inatuangukia sisi. Tazama tunavyofundisha istilahi ya riwaya pendwa. Tunawaambia watahiniwa kwamba ni riwaya inayosomwa kwa burudani, yenye wahusika bapa, msuko wa kutabirika na maudhui mepesi ya mapenzi na upelelezi. Kisha tunaitenga na riwaya dhati, kama mzazi anavyomtenga mtoto mwenye surua. Hatuwaambii kwamba neno lenyewe linatokana na kupenda. Wala hatuwaambii kwamba wahusika bapa na msuko wa kutabirika ni sifa zilezile tunazozisifu tukifika kwenye ngano na hekaya. Mwanafunzi mwenye makini hushangaa: sifa moja inakuwaje ya kusifiwa Jumatatu na ya kudharauliwa Jumatano?

Hebu tuichambue riwaya hiyo niliyoichoma. America Singer ni mwanamuziki wa tabaka la tano katika nchi ya kubuni ambamo kila mtu huzaliwa na tabaka lake. Anateuliwa kuwa miongoni mwa wasichana 35 watakaoshindania kuolewa na mwana wa mfalme, naye moyoni ana mpenzi wa tabaka la chini zaidi. Hapo tunao msichana fukara, safari ya kwenda ikulu, majaribio, wapinzani wenye husuda, na siri. Ukiondoa magauni na kamera za televisheni, hii ni hekaya. Nyanya zetu walisimulia emegano kando ya moto kwa viungo hivihivi, ingawa Abagusii hawakuwa na ufalme kama wa Wanga kule Mumias na hakuna ikulu iliyowahi kujengwa juu ya mwinuko wa Manga. Msichana wetu anaitambua hadithi hata kama haitambui nchi.

Udhaifu upo, na sitauficha. Kurasa nyingi mno zinaliwa na mavazi na vyakula. Ukatili wa matabaka, ambao ndio ungekuwa kiini cha riwaya, unageuzwa kuwa pazia nyuma ya swali la nani atapendwa. Nilipoifunga nilikuwa na njaa ya jambo ambalo mwandishi aliligusa akaliacha. Hata hivyo, uhakiki huo ninaweza kuutoa kwa sababu niliisoma. Msichana yule angeweza kuutoa pia, kama ningemuuliza badala ya kumnyang'anya.

Kiswahili nacho hakikosi mabinti wafalme. Shaaban Robert alitupa Mwelekevu katika Adili na Nduguze (1952), kitabu kinachofuata nyayo za Alfu Lela Ulela. Adili anamkuta binti huyo peke yake katika mji uliogeuka mawe, na ndugu zake, Hasidi na Mwivu, wanaingiwa na kijicho kwa ajili yake. Kuna jini, kuna bahari, kuna nyani wanaopigwa mijeledi kila usiku kwa sababu isiyojulikana. Kitabu ni kifupi, na lugha yake ni ya kupigiwa mfano. Ni wanafunzi wangapi wa Kisii wamekisoma bila kuulizwa swali mwishoni? Tunapokitaja tunakitaja kama mfano wa majina ya majazi: Adili ni mwadilifu, Hasidi ni mwenye husuda, andika, alama mbili. Nyani wanasahauliwa.

Kumbuka jinsi Siku Njema ya marehemu Ken Walibora ilivyosomwa baada ya kutoka mwaka wa 1996. Msanifu Kombo, yatima kutoka Tanga, anasafiri hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua, na penzi la Vumilia limo njiani. Hiyo nayo ina mifupa ya hekaya. Ilitahiniwa, lakini wengi wetu hatukuisoma kwa sababu ya mtihani. Tuliisoma kwa kurunzi chini ya blanketi.

Yuko pia binti mfalme halisi, naye ni wa pwani yetu. Sayyida Salme alizaliwa Unguja mwaka wa 1844, binti wa Sultani Sayyid Said na suria wa Kicherkasi. Wasichana wa jumba la baba yake walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka wa 1866 alitoroka kwa meli ya Kiingereza hadi Aden kwa sababu ya penzi lake na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Walioana huko mwaka wa 1867, wakaenda Hamburg. Riwaya nyingi za mabinti wafalme hufungia hapo, kwenye ndoa. Ya Salme inaendelea: mumewe alifariki mwaka wa 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto wadogo katika nchi ngeni. Mwaka wa 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kile alichojifunza kwa siri utotoni ndicho kilichomwezesha kusimulia maisha yake mwenyewe.

Nilipowasimulia wanafunzi habari za mfupa ule wa ngamia, darasa lilitulia. Mmoja akauliza kama mwalimu wa zamu alimkamata.

Siku hizi ninaweka sanduku la katoni nyuma ya darasa. Ndani mna Adili na Nduguze, nakala chakavu za Siku Njema, Alfu Lela Ulela, na riwaya chache za Kiingereza zenye magauni pia, ambazo nilizinunua kwa wachuuzi wa mitumba mjini Kisii kulipia dhambi yangu. Hakuna maswali, hakuna muhtasari, hakuna orodha ya waliosoma. Vitabu hurudi bila majalada, na viwili havijarudi kabisa, sijavitafuta.

Kwako mtahiniwa: usiitaje The Selection katika Karatasi ya Tatu. Lakini ukiulizwa sifa za hekaya, au namna husuda inavyosukuma msuko mbele, kumbuka kwamba umekwisha kuziona zikifanya kazi mara nyingi, na eleza kama mtu aliyeziona.

Muhula uliopita msichana mmoja alinirudishia Adili na Nduguze akiwa amekasirika. "Mwalimu," akasema, "huyu Mwelekevu ameishi na mawe miaka hiyo yote, halafu hadithi inapewa Adili amsimulie mfalme. Hata maneno ya Mwelekevu tunayasikia kwa mdomo wa Adili. Mbona yeye hakuitwa kwa mfalme?" Nilimwambia aandike swali hilo ndani ya jalada, kwa penseli, ili atakayefuata alikute.