Ushahidi Uliomo Katika Mafuta

Baharini, magharibi mwa jimbo la Oregon nchini Marekani, kuna mgongo wa ardhi uitwao Hydrate Ridge. Kwenye kilele chake cha kusini, karibu mita 800 chini ya maji, tope limechanganyika na barafu nyeupe isiyo ya kawaida: maji yaliyoganda na kufungia gesi ya methani ndani yake. Gesi hiyo ndiyo ile ile inayojaza sehemu kubwa ya gesi asilia, hata ile ya Songo Songo, Tanzania. Baridi na mgandamizo wa maji ndivyo vinavyoishikilia. Bonge la barafu hiyo, yaani haidreti, likipandishwa juu huanza kutoa mapovu kwa kelele, na mita moja ya ujazo hutoa zaidi ya mita 160 za ujazo za gesi. Ukiichukua bahari ya dunia nzima, methani inayopanda kutoka chini ya sakafu yake ni nyingi mno, lakini sehemu kubwa, ambayo makadirio mengi huifikisha asilimia 90, haiyafikii maji ya juu. Huishia njiani, ndani ya tope lisilo na oksijeni. Kwa muda mrefu swali lilikuwa moja: nani anaila?

Wanajiokemia walikuwa na jibu mapema. Mwaka 1974 Christopher Martens na Robert Berner walionyesha, kwa tope la Long Island Sound, kwamba methani hailimbikizani mpaka salfeti ya maji ya bahari imekwisha. Mwaka 1976 William Reeburgh alikuta hali ya namna hiyo katika bonde la Cariaco, karibu na Venezuela: salfeti inashuka kutoka juu, methani inapanda kutoka chini, na zote mbili zinatoweka kwenye kina kimoja. Walihitimisha kwamba kuna kijiumbe kinachotumia salfeti kuunguza methani mahali pasipo hewa. Wanabiolojia wengi hawakukubali, na hawakuwa wakaidi. Hakuna aliyewahi kukikuza kijiumbe hicho, na nishati inayopatikana katika mmeng'enyo huo ni ndogo kiasi cha kutia shaka kama inatosha kuishi. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hayamlowanishi mtu. Ubishi ulidumu zaidi ya miaka 20, na waliousogeza mbele hatimaye ni watu ambao kazi yao ni kukamua mafuta kutoka kwenye tope na kuyasoma. Kazi hiyo naiona miongoni mwa ufundi mkubwa wa zama zetu, na sababu yangu ni moja: inauchukua ushahidi dhaifu kuliko wote, masalia ya kiumbe asiyeonekana, na kuufanya useme mambo mawili kwa mkupuo, kiumbe huyo ni nani na alikula nini.

Mwanzo wake ni usafi. Kabla tope halijaguswa, vyombo vya kioo huokwa kwenye tanuri kwa nyuzi 450 za Selsiasi ili mafuta yoyote ya awali yaungue. Plastiki huepukwa, kwa sababu nayo huachia kemikali zake, na kidole kitupu huacha mafuta ya kutosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Tope hukaushwa likiwa limegandishwa, husagwa, kisha huoshwa kwa mchanganyiko wa methanoli na klorofomu au kiyeyushi cha jamii yake, maana maji peke yake hayang'oi mafuta, kama ajuavyo kila aliyeosha sufuria ya kitoweo. Kinachopatikana ni ukoko mwembamba chini ya chupa. Huo hupitishwa kwenye mchanga laini wa silika ili mafuta ya aina mbalimbali yaachane, halafu kwenye kromatografu, ambako molekuli hutoka moja baada ya nyingine, kila moja kwa dakika yake. Kila molekuli huunguzwa papo hapo iwe kaboni dioksidi, na mashine hupima kaboni nyepesi ni kiasi gani na kaboni nzito ni kiasi gani. Kuna jambo hapa linalonivutia kuliko yote. Ili molekuli zenye haidroksili zipite vizuri, fundi huzifunika kwa kemikali nyingine ambayo nayo ina kaboni, kwa hiyo baadaye ni lazima akokotoe na kuitoa kaboni aliyoiongeza mwenyewe. Na sambamba na sampuli, chupa tupu hupitishwa katika hatua zote, ili kujua ni mafuta gani yametoka kwa mpimaji wala si baharini.

Umbo la molekuli humtaja mwenye mafuta. Utando wa seli za bakteria kwa kawaida hujengwa kwa mafuta yaliyounganishwa kwa esta. Utando wa arkea, kundi jingine la vijiumbe, hujengwa kwa minyororo yenye matawi iliyounganishwa kwa etha. Anayekuta arkeoli, mojawapo ya molekuli hizo za etha, ndani ya tope amekuta alama ya arkea. Kaboni nayo hutaja chakula. Vijiumbe vinavyotengeneza methani hupendelea kaboni nyepesi, kwa hiyo gesi yenyewe huanza ikiwa nyepesi. Mlaji wake naye huchagua nyepesi zaidi. Kwa kipimo cha wepesi huo, kilichotokana na kisukuku cha mnyama wa jamii ya ngisi kutoka tabaka la Pee Dee, South Carolina, na ambacho namba yake hushuka kaboni inapokuwa nyepesi, mafuta ya mimea midogo ya baharini huwa kati ya hasi 20 na hasi 30 kwa elfu. Mwaka 1999 Kai-Uwe Hinrichs, John Hayes na wenzao walitangaza kwamba arkeoli na ndugu yake haidroksiarkeoli za bonde la Eel River, kaskazini mwa California, zilifika hasi 100 na chini ya hapo. Mwaka huo huo Marcus Elvert, Erwin Suess na Michael Whiticar walitoa matokeo ya aina hiyo kutoka kwenye mashapo yenye haidreti. Kwa mpimaji, arkea mwenye mwili mwepesi kiasi hicho alikuwa kama aliyekamatwa na methani mkononi.

Zipo hoja za kupinga, na mbili ni nzito. Ya kwanza: mafuta hayo huenda ni ya wafu waliozikwa humo zamani. Ni kweli kwamba arkeoli hudumu. Lakini haidroksiarkeoli huvunjika upesi zaidi, na kuikuta kwa wingi, tena pale pale salfeti inapokwisha, kunaelekeza kwa walio hai au waliokufa karibuni. Ya pili ni kali zaidi: majaribio ya maabara yameonyesha kwamba hata arkea wanaotengeneza methani wanaweza kuwa na mafuta mepesi sana wakipata chakula tele. Kwa hoja hii, namba moja ya molekuli moja haitoshi, na fundi mzuri haitegemei peke yake. Hutazama majirani. Katika tope hilo hilo mafuta ya bakteria wanaotumia salfeti nayo ni mepesi kupita kawaida, na bakteria hao hawana sababu ya kubeba kaboni hiyo isipokuwa wanaishi na kiumbe anayekula methani.

Ndivyo ilivyoonekana baadaye. Mwaka 2000 Antje Boetius na wenzake walipaka tope la Hydrate Ridge rangi zinazong'aa na kuona vishada: arkea wapatao 100 katikati, bakteria wamewazunguka. Mwaka 2001 Victoria Orphan na wenzake walipima kaboni ya kishada kimoja kimoja, wakakuta wepesi ule ule. Darubini iliwakuta wale ambao mafuta yalikuwa yamekwisha kuwataja.

Wengine husema leo DNA inatosha, tena ni rahisi. DNA inataja jina kwa usahihi kuliko mafuta. Hilo sibishani nalo. Lakini jina halisemi kiumbe alikula nini, na DNA haidumu ndani ya mawe ya kale. Ganigobis, kusini mwa Namibia, yapo mawe ya chokaa yaliyojengwa na methani iliyovuja kwenye sakafu ya bahari miaka takriban milioni 300 iliyopita. Mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba wamekuta ndani yake mafuta ya arkea walaji wa methani, kaboni yake ikiwa bado nyepesi. Mwanafunzi wa kemia wa Dar es Salaam au Nairobi anayetafuta fani ya kuishika maisha yake yote na aiangalie hii: mawe yake mengine yako katika bara letu, na wasomaji wake bado ni wachache.