Padri na watu wa Musonoi

Mwaka wa 1962 Padri Placide Tempels, Mfransisko, alichapisha kitabu Notre rencontre. Humo anaeleza namna alivyofika Kongo mwaka wa 1933 kama bwana na mwalimu, kiisha akajifunza kuonana na watu, mtu kwa mtu. Huko Musonoi, kambi ya wafanyakazi karibu na Kolwezi, tangu mwaka wa 1953, mabwana na bibi zao walikusanyika naye. Ndio mwanzo wa Jamaa, na maneno yake matatu: uzima, uzazi, mapendo.

Kitabu ni chema, maana padri anaungama kwamba naye alihitaji kupokea. Wangapi kati yetu tunaingia nyumbani mwa wakristu, tunabariki, tunaonya, tunatoka bila kusikiliza?

Lakini kuonana kunataka watu wawili, na hapa kalamu ni moja. Tunajua padri alipata nini Musonoi. Baba aliyetoka kazini, mama aliyeketi karibu naye, walimwona namna gani? Tunawasikia kwa kinywa chake tu. Parokia inayoelezwa na mchungaji peke yake ni nusu ya parokia.

Ndugu mapadri, tukisome. Kiisha tuwaulize wakristu wetu nusu inayobaki.