Heko kwa Wanaofika kwa Magurudumu Yao

Gari linalokimbia robo maili, yaani mita 402, kisha linapakiwa kwenye lori kurudi nyumbani, halinisisimui sana. Pongezi zangu ni kwa washiriki wa Drag Week, mashindano yaliyoanzishwa Marekani mwaka 2005 na jarida la Hot Rod. Hao hushindana siku tano, na kati ya kiwanja na kiwanja huliendesha gari lilelile barabarani, takriban maili elfu moja kwa wiki, bila gari la msaada. Spana, jeki na matairi ya mbio hubebwa kwenye tela dogo nyuma. Wastani wa muda wa siku zote ndio huamua mshindi.

Ugumu wake anaujua fundi. Injini ya mbio hutaka mgandamizo mkubwa na mafuta ghali. Barabara hutaka radieta isiyochemka kwenye foleni na petroli ya kituo chochote. Kuoanisha hayo mawili ni usanii. Akishakimbia, mwenye gari hupiga magoti: anafungua matairi laini, anafunga ya barabarani, anakagua plagi, anaondoka. Giaboksi ikigoma usiku, hushushwa palepale kwenye maegesho, na huenda anayeshika tochi ni mpinzani wake wa kesho.

Mwaka 2019 mshiriki Tom Bailey, na gari lake la Camaro, alikata robo maili chini ya sekunde 6. Namheshimu. Ila moyo wangu uko kwa yule wa sekunde 14, mwenye kiyoyozi kinachofanya kazi na mke pembeni akimsomea ramani.