Kimeng'enya kinachofungua ute wa utumbo

Ugali wa Nyamuswa, mkoani Mara, wa unga wa udaga (muhogo) uliochanganywa na mtama haumeng'enywi wote na mlaji. Wanga wa mtama uliopikwa ni mgumu kuliko wa mahindi, na sehemu yake hupita utumbo mwembamba pamoja na nyuzinyuzi hadi utumbo mpana, ambako bakteria huula. Bakteria hao wakinyimwa chakula cha aina hiyo hawakai na njaa. Hugeukia ute unaotenganisha wao na nyama ya utumbo wetu, na namna wanavyoumega ndiyo inayonishangaza zaidi katika habari hii yote.

Ute huo umejengwa kwa protini iitwayo musini, na hadi asilimia 80 ya uzito wa protini hiyo ni sukari zilizoshikamana nayo minyororo kwa minyororo. Ncha za minyororo zimezibwa kwa fukosi, kwa asidi ya siali na, hasa katika utumbo mpana, kwa salfeti. Salfeti ikiwa bado ipo, kimeng'enya cha kukata sukari hakipati pa kushika.

Bingwa wa kazi hii ni Bacteroides thetaiotaomicron, ambaye orodha kamili ya jeni zake ilitolewa mwaka 2003. Ana makundi zaidi ya 80 ya jeni zinazofanya kazi pamoja, kila kundi kwa aina yake ya sukari. Protini za juu ya seli hunasa mnyororo, vimeng'enya huukata vipande, kisha vipande huvutwa ndani na kukamilishwa huko, mahali ambapo bakteria jirani hawawezi kudoea.

Bakteria huyu ana vimeng'enya 28 vya kuondoa salfeti. Je, vyote ni vya lazima? Watafiti Ana Luis, Eric Martens, Gunnar Hansson na wenzao walijibu mwaka 2021 katika jarida la Nature. Uamuzi wao mzuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ulikuwa kuchagua ute wenyewe. Maabara nyingi hutumia musini ya tumbo la nguruwe kwa sababu inauzwa tayari, lakini ina salfeti kidogo. Wao walikamua sukari za musini kutoka utumbo mpana wa nguruwe, kazi ya kuchosha, wakapata kitu kinachofanana na kile bakteria anachokutana nacho kweli. Kisha wakafuta jeni. Kilipoondolewa kimeng'enya kimoja tu, BT1636, bakteria alishindwa kukua kwenye sukari hizo. Kimeng'enya hicho hukaa juu ya seli na huondoa salfeti iliyo kwenye kaboni ya tatu ya galaktosi. Ndani ya panya, bakteria aliyekosa jeni hiyo alishindwa na mwenzake aliyekuwa nayo.

Chakula kinaamua zana hizi zitumike lini. Huku kwetu ushahidi upo: utafiti wa mwaka 2017 kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ng'ambo ya Serengeti, uliwakuta na vimeng'enya vingi vya kumega mimea, huku Wamarekani wakiwazidi kwa vile vya kumega musini. Wahadzabe hula mizizi, ubuyu na matunda ya porini yenye nyuzinyuzi nyingi mno.

Ndiyo maana naitazama kwa wasiwasi sembe, unga wa mahindi yaliyokobolewa, inayochukua nafasi ya mtama kwenye masufuria ya Mara. Mwaka 2016 watafiti waliwapandikizia panya wasio na bakteria wowote aina 14 za bakteria wa utumbo wa binadamu, kisha wakawanyima nyuzinyuzi. Ute ulipungua unene, na walipoambukizwa kijidudu Citrobacter rodentium kikawaumiza vibaya. Panya waliobadilishiwa chakula, leo chenye nyuzinyuzi na kesho kisicho nazo, nao ute wao ulikuwa mwembamba kuliko wa wale waliokula nyuzinyuzi kila siku.