Sauti Iliyonaswa na Mkono wa Mhariri

Katika miaka ya hivi karibuni walimu wengi wa Kiswahili, pamoja na wanafunzi wao, wameanza kuzitoa kabatini kaseti walizonasia masimulizi ya wazee na kuyahamishia masimulizi hayo kwenye kompyuta zao nyumbani. Kazi hii ni njema, wala haihitaji kutetewa. Utepe wa kaseti hauishi milele, na mashine nzima za kuuchezea zinazidi kuadimika. Lakini jambo moja lastaajabisha. Kitabu kikitoka, hata kiwe kijitabu cha kurasa thelathini, hakikosi mhakiki wa kukichambua: nani amekihariri, kwa nakala ipi, na kwa nini neno hili limeandikwa hivi. Faili la sauti likitoka hupokewa kana kwamba mzee mwenyewe amekuja kuketi mbele yetu. Hapana aulizaye ni nani aliyekata, na alikata wapi.

Tuanze na chombo, kwa kuwa hukumu ya kwanza ya mhariri hupitishwa kabla hajagusa neno lolote. Kaseti ya Philips, iliyotolewa mwaka 1963, huenda kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Huo ndio mwendo wa kanuni. Mwendo wa kweli ulikuwa ule wa kinasa sauti kilichochukuliwa kijijini, na mara nyingi betri zake zilikuwa zimechoka. Utepe ulionaswa polepole, ukichezwa kwa mwendo wa kanuni, huitoa sauti ya mzee wa miaka sabini ikiwa nyembamba na ya haraka kama ya kijana. Basi mhariri anayerekebisha mwendo huo ameamua tayari jinsi mzee alivyosema. Aamue kwa ushahidi gani? Pengine ushahidi umo ndani ya utepe wenyewe: ikiwa palikuwa na nyaya za umeme karibu, mvumo wake wa hezi 50 huwa umenaswa chini ya maneno, na kwa kuupima mvumo huo twaweza kuujua mwendo wa asili. Nao ndio uchafu ambao mhariri mwenye pupa huukimbilia kwanza kuufuta.

Zipo kanuni zinazojulikana. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kilitoa mwongozo wake mwaka 2004 na kuutoa tena mwaka 2009. Kinataka nakala ya asili ichukuliwe kwa kilohezi 48 na biti 24 kwa uchache, na ikiwezekana kilohezi 96, katika faili lisilobanwa, pasipo kusafishwa wala kupunguzwa. Kwa kipimo cha chini, saa moja ya sauti ya mkondo mmoja hujaza takriban megabaiti 518. Mwalimu mwenye kompyuta ndogo huona hayo ni mengi, akayabana hadi yawe sehemu ya kumi. Sidhani kuwa ni haki kumlaumu sana. Lakini ajue kwamba kilichobanwa hakirudi, na kwamba diski ya ziada ni rahisi kupata kuliko mzee aliyekwisha kufariki. Mengine ya ufundi ni ya tahadhari tu: vunja vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili usije ukanasa juu yake, safisha kichwa cha mashine na kurekebisha pembe yake hadi sauti ing'ae, na kaseti za dakika 120, ambazo utepe wake ni mwembamba mno, usizirudishe mbele na nyuma kwa kasi.

Mambo huwa mazito tufikapo kwenye kusafisha. Programu ya kuondoa mvumo hupewa mfano wa kelele, kisha huitafuta kelele hiyo katika kanda nzima na kuitoa. Nayo haijui Kiswahili. Pumzi ya mwanadamu, kwa kipimo chake, hufanana sana na mvumo wa utepe. Sasa mtu wa pwani anaposema paa la nyumba, na paa mnyama wa porini, tofauti ya maneno hayo mawili imo katika pumzi inayofuata herufi ya kwanza. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Uandishi wetu sanifu hauionyeshi tofauti hiyo. Kanda ndiyo iliyoihifadhi. Mhariri anayesafisha kwa nguvu huipoteza kwa mara ya pili, safari hii pasipo hata kujua kuwa ilikuwapo, kisha mwanafunzi hupewa faili lake na kuambiwa asikilize matamshi ya wenyeji.

Kimya nacho kina adui wake. Zipo programu zinazofupisha kila kimya kinachozidi muda uliowekwa, na zasifiwa kwa kuokoa dakika. Mzee aulizwapo habari za vita, akanyamaza kwa sekunde kumi na moja kabla ya kutaja jina la ndugu yake, kimya hicho ni sehemu ya jibu. Kikikatwa, jina hutoka upesi, kana kwamba aliyeulizwa alikuwa analingojea swali. Ubaya zaidi ni desturi ya kulikata swali lenyewe. Mhojaji huona haya kuisikia sauti yake, hujifuta, na mzee hubaki akizungumza peke yake mithili ya mhubiri. Wasikilizaji hawatajua tena kwamba mzee alisema, tuseme, “hatukuwa watumwa” kwa sababu mhojaji alikuwa amemwuliza kama walikuwa watumwa.

Yafaa tutazame kazi moja ambayo imeyakabili masuala haya kwa uaminifu kuliko nyingi. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, ilipigwa chapa ya mashine historia ya mji huo kwa Kiswahili, kwa niaba ya watu waliowahi kuwa watumishi wa majumbani. Mwandishi wake ni André Yav. Herufi zake hazifuati kanuni, maneno yameunganishwa na kutenganishwa ovyo, na alama za vituo ni kama hazipo. Johannes Fabian alipoihariri na kuichapisha mwaka 1990, hakuinyoosha kwa kalamu. Alimwomba Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili cha huko, aisome kwa sauti, akainasa sauti hiyo, kisha akaandika kilichosikika. Kitabuni msomaji hupata sura ya maandishi ya awali, maandishi mapya yaliyotokana na usomaji, na tafsiri ya Kiingereza. Aliyatibu maandishi kwa sauti, hali wengi wetu hujaribu kuitibu sauti kwa maandishi.

Huo ni uhariri wa kuigwa, kwa sababu kila hatua yake yaonekana. Asiyekubaliana na mahali Mango alipopumzika aweza kurudi kwenye sura ya awali na kusoma kwa pumzi zake. Hata hivyo kuna la kulalamikia. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na yamwelekea mwanachuo wa elimu ya jamii. Yav asomwa humo kama shahidi. Mara chache asomwa kama mwandishi. Hali ni karibu hiyo hiyo katika kitabu cha mwaka 1996 juu ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyeichora na kuisimulia historia ya Zaire katika miaka ya 1973 na 1974: masimulizi yamo kitabuni kwa Kiingereza, na Kiswahili chake kilitolewa kando baadaye. Kumfanya msomaji wa Kiswahili atafute Kiswahili mahali pengine ni utaratibu wa ajabu.

Lawama hiyo, lakini, yaturudia sisi. Kwa nini hakuna mwalimu wa Kiswahili aliyetangulia kumhariri Yav? Jibu halifichiki. Kiswahili cha Katanga, chenye batu na mutoto na balikuya, tumekifundisha madarasani kwa kalamu nyekundu. Tukikipata katika kanda, mkono hutuwasha. Nimeona nakala zilizoandikwa kutoka kwenye kanda za upande huu wa maziwa ambamo mchuuzi wa samaki, ambaye katika sauti asema “batu bote balikimbia”, katika maandishi asema “watu wote walikimbia”. Aliyebadili ataeleza kuwa amewasaidia wanafunzi. Kwa hakika amemwondoa mchuuzi akamweka karani. Anayetaka mfano wa sanifu anao mwingi vitabuni. Asiutafute kinywani mwa mtu ambaye hakuwahi kuusema.

Na si lugha peke yake. Wapo wanaosahihisha tarehe. Mtaliano Alessandro Portelli aliwahoji wafanyakazi wa mji wa Terni juu ya kijana mwenzao, Luigi Trastulli, aliyeuawa na polisi tarehe 17 Machi 1949 katika maandamano ya kupinga nchi yao kujiunga na NATO. Wengi wakakisimulia kifo hicho kana kwamba kilitokea mwaka 1953, katika ghasia zilizofuata kufukuzwa kazi kwa wafanyakazi zaidi ya 2,000. Portelli hakuwasahihisha. Aliona kwamba kosa hilo ndilo habari yenyewe: laeleza ni jeraha lipi lililouma zaidi, na kwa nini kifo kile kilitafutiwa mahali panapostahili. Kama mhariri wa nyumbani angalikuwa ameyakata yale “mwaka hamsini na tatu” ili kuepusha aibu ya wazee, kitabu kile kisingalikuwapo.

Sisemi kwamba kanda isiguswe kamwe. Darasa la vijana arobaini halitavumilia dakika tisini za mlio wa utepe na majogoo, na nakala fupi iliyopunguzwa mvumo kwa kiasi ina haki yake. Iwe nakala, na iseme kuwa ni nakala. Mwanzoni mwake mhariri atamke kwa sauti yake siku na mahali pa mahojiano, urefu wa kanda ya asili, na yaliyoondolewa, hata ikiwa ni kusema tu: hapa pamekatwa dakika nne ambamo wageni waliingia. Ikiwa mzee aliomba jina fulani lisitoke, kukatwa kwake ni wajibu, na wajibu huo pia utajwe pasipo kulitaja jina. Kaseti ya asili, baada ya kuhamishwa, isitupwe. Irudishwe ndani ya kasha lake, isimame wima mahali pakavu mbali na spika na jua, pamoja na karatasi yenye mwandiko wa yule aliyeinasa, hata kama mwandiko huo hausomeki.